Lebo Iliyozikwa Uingereza Yaishi Gikomba

Shangazi yangu hanunui sweta kabla ya kupindua shingo yake. Akifika soko la Gikomba, Nairobi, hupewa kigoda na muuzaji, rundo la mitumba likamwagwa mbele yake, na vidole vyake havitafuti rangi wala kipimo. Hutafuta kile kitambaa kidogo cha ndani kilichoandikwa "St Michael". Akikiona, mashauri yamekwisha, yabaki ya bei tu. Naye muuzaji si mjinga. Akiona macho ya mama yameng'aa, huongeza shilingi hamsini papo hapo.

Nimemwambia mara nyingi kwamba hiyo lebo ilikwisha 2000. Hunijibu, "Mwanangu, ilikwisha huko kwao. Hii niliyovaa imekwisha?"

Wako wanaosema kwamba kupenda lebo ni ushamba. Mimi nakataa. Ndugu msomaji, hebu tutazame jina hili lilitoka wapi.

Michael Marks alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka milki ya Urusi. Mwaka 1884 aliweka meza sokoni Leeds, akauza vitu vya peni moja moja, hata mtu asiyejua Kiingereza vizuri akanunua bila kuulizana bei. Mwaka 1894 akashirikiana na Thomas Spencer, na hapo ndipo lilipotoka jina Marks & Spencer. Mwanawe, Simon, ndiye aliyeanzisha alama ya St Michael, iliyoandikishwa 1928 kwa heshima ya baba yake. Muuza peni akafanywa mtakatifu! Baadaye alama hiyo ikashonwa katika mashati, soksi, kanzu za kulalia, hata ikabandikwa kwenye vyakula. Waziri Mkuu Margaret Thatcher mwenyewe alisema hadharani kwamba nguo zake za ndani alizinunua huko huko alikonunua karani na mke wa dereva.

Siri haikuwa urembo. Waama, nyingi za nguo zile zilikuwa za kawaida kabisa. Siri ilikuwa kwamba mtu wa kipato kidogo hakuhitaji kuwa fundi wa vitambaa ili asipunjwe. Kwa miaka mingi maduka yale hayakuwa na vyumba vya kujaribia nguo. Ulinunua, ukaenda kuvaa nyumbani, na isipokufaa uliirudisha pamoja na risiti ukapewa pesa zako. Jambo hilo ni kubwa kwa mtu ambaye akikosea kununua koti moja, amekosea mwaka mzima.

Basi kilichotokea ni nini? Mwaka 1998 kampuni ilitangaza faida iliyopita pauni bilioni moja, kisha biashara ikaporomoka upesi. Wakubwa wakatafuta ushonaji wa bei nafuu ng'ambo, ilhali kwa miongo mingi walikuwa wakijivunia kwamba sehemu kubwa ya nguo zao zilishonwa Uingereza. Mwaka 1999 waliachana na William Baird, mshonaji wao wa miaka kama thelathini. Baird akaenda mahakamani, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ikamkatalia: muda wote huo hapakuwa na mkataba wa maandishi kati yao. Walikuwa wakiaminiana tu.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma wapenzi wa lebo ile, kwani nao hawakuwa na maandishi. Jina lilipofutwa 2000, hakuna aliyeulizwa, ijapokuwa wao ndio waliolipa jina hilo thamani yake kwa kulinunua miaka sabini. Hata hivyo nitasema jambo ambalo huenda likamwudhi shangazi: kulizika kulikuwa afadhali kuliko kulishona juu ya nguo ambayo haikulingana nalo. Kosa lao nalihesabu kwa wale mafundi waliobaki bila kazi, si kwa kile kitambaa.

Na sisi je? Tulikuwa na viwanda vyetu, Kicomi kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret, na hatukuwalilia walipoanguka miaka ya 1990 mitumba ilipofurika. Rivatex kilifufuliwa, lakini sijamwona mtu Gikomba akipindua shingo ya shati akitafuta jina la Eldoret. Sitamlaumu shangazi. Nani aliwahi kumrudishia pesa zake kwa shati la hapa lililochujuka?

Siku hizi lebo yake ni adimu. Hata Waingereza wenyewe sasa wanazitafuta nguo zile kama vitu vya kale, wakizichomoa kabla hazijaingia katika marobota ya kuja kwetu. Mwezi uliopita alipindua shingo za rundo zima bila kuipata. Akajipangusa vumbi, akamrudishia muuzaji kigoda chake, akamwuliza robota lingine litafunguliwa siku gani.