Lumbesa ya dashibodi

"Kilomita ni namba tu, kinachotembea ni injini." Maneno haya utayasikia kwenye yadi za magari Dar es Salaam, utayasikia kwenye gereji za Ifakara, na siku hizi yamefika hadi Kiberege, mahali ambapo zamani mwenye gari alijulikana kwa jina na gari lake kwa mlio. Dalali anasema magari yote yamerudishwa kilomita hukohuko Japani, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Fundi anasema mteja mwenyewe ndiye anayetaka namba ndogo. Mwenye gari naye anasema anasafisha bidhaa kabla ya kuipeleka sokoni, na kwamba hakuna aliyeumia.

Wangeyasema hayo mahali pengine labda ningewavumilia. Lakini kuyasema katika Bonde la Kilombero, mbele ya watu wanaoishi kwa mpunga na miwa, ni kutuona wajinga. Huku hakuna tunachokijua vizuri kuliko kipimo kilichochezewa. Mkulima wa Kiberege hahitaji semina kueleweshwa lumbesa ni nini. Anajua gunia linalolipwa kama la kilo 100 huku limejazwa, likashindiliwa, likaongezewa kilemba cha kamba juu hadi vijana wawili wanashindwa kulinyanyua. Anajua ndoo iliyogongwa chini ikatanuka. Wakulima wa miwa wanaopeleka mzigo kiwandani Kidatu wamelalamika miaka nenda rudi kuhusu mizani na kuhusu kipimo cha utamu wa miwa, maana bei yao imefungwa hapo. Wakala wa Vipimo wakija kukagua mizani sokoni, tunawashangilia, na tunawalaumu wakichelewa.

Sasa mkulima huyuhuyu, au mtoto wake, ananunua Noah. Analitembeza Ifakara, Mang'ula, Mlimba, miaka inakwenda. Siku ya kuliuza anapita kwanza kwa fundi umeme, na namba inashuka kutoka kilomita 210,000 hadi 84,000. Tuliangalie jambo hili kwa macho yaleyale tunayoliangalia gunia. Gunia linasema kilo 100, ndani kuna zaidi. Dashibodi inasema kilomita 84,000, ndani kuna zaidi. Tofauti ni kwamba kwenye lumbesa sisi ndio tunaoibiwa, na kwenye dashibodi sisi ndio tunaoiba. Ndiyo maana ile ya kwanza tunaiita dhuluma na ya pili tunaiita biashara.

Waislamu wa bonde hili wanakijua kisa cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono kwenye rundo la nafaka na kukuta chini kumelowa. Muuzaji akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuificha nafaka mbichi chini, badala ya kuiweka juu watu waione. Wakristo nao wamehubiriwa mizani ya udanganyifu kutoka Mithali tangu wakiwa watoto. Kisa cha nafaka kinanifaa zaidi, kwa sababu kinajibu moja kwa moja utetezi wa mwenye Noah. Hakuna anayemlaumu kwa kulitembeza gari lake. Magari yameundwa yatembee. Kosa ni kuweka kikavu juu.

Najua wapo watakaosema nimeingiza dini kwenye injini. Haya, tuingie kwenye injini.

Anayesema kilomita ni namba tu hajawahi kufikiri namba hiyo ina kazi gani. Haikuwekwa pale kwa ajili ya kumpendezesha mnunuzi. Ndiyo daftari la matengenezo. Oili ya injini, oili ya gia boksi, plagi, chujio la dizeli, vyote hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita. Chukua Hiace nyingi za dizeli, na Land Cruiser za injini ya 1HZ, zile ambazo kila mradi na kila hospitali ya vijijini imezitumia. Injini hizi zinatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea injini na maelekezo ya mtengenezaji. Toyota walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kuweka taa yake kwenye dashibodi, yenye maandishi T-BELT, inayowaka kilomita zikifika. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, injini inazima palepale, na kwenye injini nyingi za dizeli valvu zinagongana na pistoni.

Ukizirudisha kilomita za Hiace ya namna hiyo kutoka 240,000 hadi 90,000, hujamdanganya mnunuzi peke yake. Umemdanganya fundi atakayeulizwa kama mkanda umefika muda wake, naye ataangalia namba na kujibu bado. Umemdanganya kondakta na umewadanganya abiria waliopakiwa Ifakara kwenda Mahenge, ambao hawakununua gari, hawakupatana bei, na hawajui kwamba injini iliyowabeba kwenye mlima inakwenda kwa umri wa kughushi. Mjadala wote wa "muuzaji na mnunuzi walikubaliana" unaishia hapo. Abiria hakukaa kwenye mapatano hayo.

Tena usiniletee IST kama jibu. Ni kweli injini yake inatumia cheni, na ni kweli inavumilia. Lakini cheni nayo hutanuka kwa kukosa oili safi, na ratiba ya oili inatoka kwenye namba ileile.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naikubali. Kilomita za Nagoya si kilomita za Kidatu. Gari lililotembea kilomita 100,000 kwenye lami ya Japani, likipelekwa ukaguzi kila muda wake, linaweza kuwa zima kuliko lililotembea 40,000 kati ya Kidatu na Ifakara, zile kilomita 66.9 kama zilivyokuwa kabla ya lami, masika tope, kiangazi mashimo. Aliyewahi kubadilisha shokapu na bushi kila msimu kwenye njia ile ananielewa. Kwa hiyo ni kweli namba peke yake haitoshi. Lakini kama kipimo hakitoshi, unaongeza vingine: unauliza gari limetembea wapi, limebeba nini, limetengenezwa na nani. Huongezi uongo juu ya upungufu. Gunia lenye uzito sahihi nalo halikwambii kama mchele ni Supa au umechanganywa, na hakuna aliyewahi kusema kwa hiyo tuivunje mizani.

Hapa ndipo lawama inapotugeukia sisi wanunuzi, na sitaipunguza. Tunaogopa tarakimu sita. Mtu anaingia yadi, anachungulia dashibodi, akiona 160,000 anaondoka hata kabla ya kufungua boneti. Akiona 58,000 kwenye gari la mwaka 2005 anatabasamu na kutoa simu apige picha. Hajiulizi hesabu ya darasa la nne: gari lenye miaka 20, kilomita 58,000, ni chini ya 3,000 kwa mwaka. Wajapani hawatembezi sana magari yao binafsi, wengi wako chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka, lakini 3,000 kwa miaka 20 mfululizo ni gari la bibi aliyekuwa akienda kliniki. Wapo mabibi wa namna hiyo. Hawatoshi kujaza yadi zote za Dar es Salaam.

Hata lingekuwa kweli la bibi, gari lililokaa sana lina ugonjwa wake: sili zinakauka, tairi zinapasuka pembeni zikiwa bado na kashata, tangi linaingia kutu. Lakini sisi tumeshaamua kwamba namba ndogo ndiyo uzuri wa gari, kama vile tulivyoamua kwamba gari la namba E ni jipya kuliko la namba D hata kama yote mawili yalitoka kiwandani mwaka mmoja. Matokeo yake muuzaji mkweli anakaa na gari lake miezi sita. Mwongo jirani yake ameuza ndani ya wiki. Halafu tunashangaa kwa nini wakweli wanakwisha. Ukitaka ushahidi kwamba binadamu anaweza kukubali chombo kikuukuu bila kudanganywa, kaa stesheni ya Kiberege. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, kila mtu anaujua umri wake na uchovu wake, na miaka yote tumepanda.

Turudi kwa dalali na Japani yake. Anapenda sana kusema "zimerudishwa hukohuko" kwa sababu anajua huwezi kwenda Yokohama kuuliza. Huna haja ya kwenda. Japani gari binafsi linakaguliwa kwa lazima likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zilizosomwa siku hiyo huandikwa kwenye cheti. Likifutwa usajili ili lisafirishwe nje, hutolewa cheti kingine cha usafirishaji, nacho kina sehemu ya kilomita. Gari likinunuliwa mnadani, lina karatasi ya mnada yenye namba hiyohiyo. Cheti cha usafirishaji humfikia mwagizaji. Kinapotea wapi kati ya bandari na yadi? Ninachojua ni kwamba mwagizaji akiulizwa karatasi ya chasisi anaipata dakika ileile, akiulizwa yenye kilomita anaanza kutafuta ufunguo wa droo.

Gari lenyewe nalo huwa halinyamazi. Fungua mlango wa dereva, angalia ubavuni: mafundi wa Japani hubandika stika ya kubadilisha oili yenye tarehe na kilomita. Chini ya boneti unaweza kukuta ya mkanda wa taimingi. Huhitaji kusoma Kijapani, tarakimu ni zilezile. Angalia mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa kiti upande wa kushukia. Tairi zimeandikwa wiki na mwaka wa kutengenezwa, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zamani kazi ilikuwa ya kufungua dashibodi na kuzungusha magurudumu madogo kwa mkono, na mara nyingi tarakimu zilibaki zimepinda. Siku hizi ni kompyuta na waya, dakika chache, tarakimu zimenyooka. Ndiyo maana ya kuangalia pedali kwanza.

Serikali haiwezi kukwepa. Ukiingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, utaulizwa aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini. Gari likizidi umri fulani linatozwa ushuru wa uchakavu, na uchakavu huo unapimwa kwa miaka. Kilomita hazimo. Kwenye kadi ya gari kuna rangi, kuna idadi ya viti, kuna uzito. Kilomita hazimo. Dola yenyewe imetufundisha kwamba ni namba tu. Ubelgiji walichoka na mchezo huu wakatunga sheria mwaka 2004, na tangu 2006 kila gereji inalazimika kupeleka kilomita za gari lililotengenezwa kwenye kumbukumbu moja ya taifa, na muuzaji lazima ampe mnunuzi hati yake, inaitwa Car-Pass. Asipotoa, mauzo yanaweza kubatilishwa. Sisi tunazo mashine za risiti hadi kwenye maduka ya vipuri. Kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kuhamisha umiliki hakutashinda uwezo wetu.

Si kwamba sheria haipo kabisa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalijua kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302. Shida ni ushahidi. Mikataba yetu ya mauziano, ile inayoandikwa nusu ukurasa na kugongwa muhuri kwa wakili au kwa mtendaji, inataja namba ya usajili, chasisi, bei na mashahidi. Haisemi neno kuhusu kilomita. Ukifika mbele ya hakimu, muuzaji atasema: mimi nilimwambia wapi? Dashibodi ndiyo iliyomwambia.

Kwa hiyo mwambie aandike. Sentensi moja: gari linasoma kilomita kadhaa tarehe hii, na muuzaji anathibitisha kwamba ndizo halisi, au kwamba hajui kama ni halisi. Muuzaji anayesema hajui ni mkweli, na bei ipatanwe kwa ukweli huo. Anayethibitisha amejifunga. Yule anayekataa yote mawili, aliyekuwa anakuapia kwa Mungu dakika tano zilizopita lakini sasa kalamu imemkataa, mwachie gari lake. Fanya hivyo hata kwa bodaboda, maana nusu ya pikipiki zinazouzwa hapa waya wa spidi mita ulishachomolewa kitambo, na mwenye nayo anakuapia imetembea mwaka mmoja tu kwenda shambani.