Laptopu mpya ya bei ya chini? Heri mzee anayefunguka

Vyuo vinapofungua, kuna swali ambalo sisi watu wa programu huulizwa sana na wanafunzi na wazazi wao: "Pesa ni kidogo, tununue laptopu gani?" Jibu langu huwashangaza wengi. Nawaambia waachane na ile mpya inayong'aa dukani, watafute ya mtumba iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Lakini kwa masharti. Wacha nieleze.

Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na RAM ya 4 GB iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC ya 64 GB ambayo pia imechomelewa. Maana yake ni kwamba siku uliyoinunua ndiyo siku yake bora kabisa. Ikianza kulemewa, huna la kuongeza. Hifadhi ikifa, mashine yote imekufa. Na kulemewa italemewa: fungua kivinjari na kurasa kumi, kihariri cha kodi na hifadhidata ndogo, utaona inavyohema.

Sasa linganisha na mzee mmoja ninayemheshimu: ThinkPad X220 ya mwaka 2011, kutoka Lenovo, kampuni iliyonunua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005. Ina nafasi mbili za RAM. Karatasi za Lenovo zinasema mwisho ni 8 GB, lakini inakubali 16 GB bila shida. Diski inatoka, betri inachomoka bila bisibisi, kibodi inabadilishwa. Zaidi ya hayo, Lenovo walitoa bure kitabu cha fundi kinachoonyesha jinsi ya kuifungua hatua kwa hatua.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Faida ya mashine kama hii si kwamba ni rahisi kwa bei. Faida ni kwamba inafunguka. Kijana anayetaka kuishi kwa kompyuta anafaa kuijua hata ndani, si kubonyeza juu juu tu.

Haya, umeshuka mjini, uko Luthuli Avenue au Moi Avenue, na muuzaji anakwambia hii ni "ex-UK", safi kabisa. Usibishane naye. Beba flashi yenye Linux inayoweza kuwaka bila kusakinishwa, kisha kagua haya kabla ya kutoa pesa:

1. Washa, bonyeza F1, uingie BIOS. Ikikudai nywila, irudishe mezani. Katika ThinkPad, nywila ya msimamizi haifutiki kwa kutoa kile kibetri kidogo cha ndani, hata muuzaji aape vipi.

2. Hakikisha prosesa ni ya biti 64. X220 iko sawa. Lakini baadhi ya mashine za 2006, kama zile za Intel Core Duo, ni za biti 32, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kundi hilo.

3. Pima betri kwa hesabu, si kwa maneno. Ukishawasha Linux, andika:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design

Namba ya kwanza ni kiasi inachoshika leo, ya pili ni ilichoshika kiwandani. Ikiwa ilikuwa 63 Wh na leo ni 20, hujafika hata theluthi.

4. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Fungua na ufunge kioo uone kama bawaba zimelegea. Jaribu kila tundu la USB na ucheki kama WiFi inashika.

5. Dai risiti yenye namba ya mashine. Laptopu ya wizi ni ghali hata ukipewa nusu bei.

Muuzaji akikataa usichomeke flashi yako, mwage kwaheri. Kuna mwingine mlango wa pili.

Jambo lingine: usimalize pesa zote kwa mashine. Bakisha za kuifufua. Ya kwanza ni SSD (kwa X220 tafuta yenye unene wa milimita 7), maana hakuna kitu kinachobadilisha mashine ya zamani kama hiyo. Pili, toa vumbi kwenye feni na uweke upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa; baada ya miaka mingi huwa imekauka kama udongo. Tatu, RAM. Betri iwe ya mwisho, na usidanganywe na betri "mpya" iliyokaa stoo tangu 2012. Betri za lithiamu huzeeka hata zikilala.

Kuhusu Windows nitakuwa mkweli. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa ambazo ni mpya kuliko ya mzee huyu. Kuna ujanja wa kuilazimisha, lakini siupendekezi. Weka Linux Mint ya Xfce au Debian, na kazi itaenda.

Je, mzee ana udhaifu? Anao. Video za mtandaoni za VP9 na AV1 zinamtoa jasho kwa sababu anazisoma kwa prosesa peke yake. Hana maagizo ya AVX2, kwa hivyo baadhi ya programu za siku hizi zitakataa kuwaka. Kama kazi yako ni kuhariri video au kuendesha kiigizaji cha Android kutwa, mtafute mdogo wake wa miaka ya karibuni.

Wapo watakaosema ninahimiza Afrika iwe jaa la takataka za Ulaya. Hoja hiyo ina uzito. Mashine iliyokufa ikiletwa hapa kama bidhaa, mwisho wake ni Dandora. Lakini laptopu mpya isiyofunguka nayo itafika jaani, tena mapema, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuiokoa. Inayopunguza taka ni ile inayokubali bisibisi.

Kwa hivyo mzazi, ukiwa na pesa kidogo, usiulize kwanza mashine ni ya mwaka gani. Uliza inafungukaje, na vipuri vyake viko wapi. Ukijibiwa vizuri, nunua. Mpaka wakati mwingine, kodi njema!