Mafunzo ya Kazi za Kijani: Cheti Bila Shoka

Matangazo ya mafunzo ya "kazi za kijani" kwa vijana wa mijini yamekuwa mengi: kufunga umeme wa jua, kuotesha miche, kufuga nyuki, kutengeneza majiko yasiyotumia mkaa. Vijana wetu wa Ng'ambo, Mwanakwerekwe na Chake Chake wanajaza fomu, wanahudhuria wiki chache, wanapewa vyeti na kupigwa picha. Kisha wengi hurudi pale pale barazani. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 890,000 katika sensa ya 2022, kwa hiyo hili si jambo dogo kwa familia zetu.

Tunapenda tulipime jambo hili kwa kuangalia majirani zetu wa Lushoto na milima ya Usambara. Si mbali nasi. Majahazi na vyombo vya Tanga huvusha bidhaa kuja Pemba, na sehemu kubwa ya mboga tunazonunua sokoni hutoka bara. Milima ile ikikauka, na sisi tutaonja ukame wake.

Wasambaa wamefundishwa kuhifadhi ardhi zaidi ya mara moja. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kurekebisha ardhi katika bonde la Mlalo. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, na asiyetii aliadhibiwa. Kazi ilikuwa ngumu, mzigo mkubwa uliwaangukia kina mama, na faida haikuonekana chunguni. Wananchi waliyakataa matuta, upinzani ukachanganyika na siasa za kudai uhuru, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine huko Lushoto, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani. Lengo lilikuwa lile lile: udongo usiteremke na maji ya mvua. Njia ndiyo iliyobadilika. Mkulima alifundishwa kupanda mistari ya majani ya malisho na miti kukata mteremko, na kufuga ng'ombe ndani ya banda. Majani yanazuia udongo, ng'ombe anakula majani, mbolea inarudi shambani, na nyumbani kunapatikana maziwa. Si kila mtu aliyafuata yote, lakini aliyefuata alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuendelea.

Funzo ni wazi. Elimu ya mazingira hushika pale inapomlisha anayeifanya. Mkulima wa Lushoto, hata hivyo, ana kitu ambacho kijana wa mjini hana: shamba. Kijana wa mjini akifundishwa kuotesha miche, ataiotesha wapi? Akifundishwa kufunga umeme wa jua, nani atamnunulia vifaa vya kuanzia? Ndiyo maana serikali ilipozindua mpango wa BBT mwaka 2023 ilijaribu kuunganisha mafunzo na mashamba makubwa ya pamoja, kama lile la Chinangali mkoani Dodoma. Vijana zaidi ya 20,000 waliomba, na waliochaguliwa awamu ya kwanza walikuwa 800 na kitu. Kiu ipo; nafasi ndiyo haba.

Kazi zenyewe zipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Hayo ni majiko ya kuuza, kufunga na kutengeneza mtaa kwa mtaa. Hiyo ni kazi ya kijana wa mjini, na ni nafuu kwa misitu ya Usambara.

Linabaki suala la mtaji, na hapa Muislamu lazima awe macho. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, jiji linalopata maji yake kutoka mto Sigi unaoshuka Usambara Mashariki, iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Lengo ni jema, lakini rangi ya kijani haihalalishi riba. Njia nyingine zipo. Huku bara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Zanzibar nayo imeanzisha sukuk mwaka 2025.

Njia ya karibu zaidi tunayo mikononi mwetu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, Mtume (s.a.w.) alijiwa na mtu akiomba. Akaviuza vitu viwili alivyokuwa navyo nyumbani kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha ahli zake, nyingine ya kununulia shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia akafanye kazi na asimuone kwa siku kumi na tano. Tazama mpangilio: chakula cha kuanzia, chombo cha kazi, soko linalojulikana, na siku ya kurudi kutoa hesabu. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya ufundi wake.

Basi tunawashauri wazazi, kabla ya kumpeleka kijana, waulize mambo matatu. Akimaliza atapewa vyombo gani? Nani atakayemnunua kazi yake? Nani atamfuatilia baada ya miezi sita? Majibu yakikosekana, bora mtoto aende chuo cha amali akasome ufundi kamili. Na kamati za misikiti, pamoja na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, zifikirie kutenga sehemu ya zaka kwa mafundi chipukizi mafakiri. Sanduku moja la vyombo linaweza kumtoa mtu katika orodha ya wanaopokea zaka kila mwaka.

Wallahu a'lam.