Mama asiyejua Kiingereza anaweza kumsaidia finalisti wake



Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mwaka jana, tukiwa katika kikao cha likelemba, binti wa mmoja wetu alikuja kumletea mama yake ufunguo wa nyumba. Alikuwa finalisti, mwaka wa sita wa sekondari. Pale mlangoni akakutana na mwenzake wa darasa, wakasalimiana kwa Kiingereza: "Good afternoon. How are you?" "I am fine, and you?" Sisi tulioketi tukaangua kicheko. Mmoja wetu akasema, "Tazameni muzungu wetu!" Mwingine akaiga sauti yake kwa puani. Binti akacheka kidogo pamoja nasi, akaacha ufunguo, akaenda zake.

Tulisahau siku ileile. Baada ya majuma kadhaa mama yake akatuambia kwamba binti hasomi tena kwa sauti. Zamani, kila jioni, alikuwa akizunguka lupango na daftari mkononi, akiyatamka maneno yake mpaka kuku wakamzoea. Sasa alikuwa anasoma kimya, ndani, mlango umefungwa. Mama alipomwuliza sababu, akajibu: "Mama, wenzako watanicheka."

Hakuna aliyepata neno la kujitetea. Tunalipa karo kwa jasho, tunauza mchele na mawese ili watoto wafike mwaka wa sita, kisha kwa kicheko cha dakika moja tunamfunga mtoto mdomo. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya Kiingereza cha mtihani, na juu ya kazi ambayo mama anaweza kuifanya hata kama hajui neno moja la lugha hiyo.

Kwanza tukumbuke mzigo wenyewe. Mtoto wetu huzaliwa katika Kiswahili, na katika nyumba nyingi pia katika Kibangubangu, Kizimba au Kikusu. Shuleni anakuta Kifaransa. Kiingereza kinakuja baadaye, katika sekondari, kikiwa lugha ya tatu au ya nne kichwani mwake, kwa saa chache za juma, darasani wakiwa wengi. Halafu siku za Exetat zinafika, na siku ya lugha Kiingereza kinakaa pamoja na Kifaransa. Anapewa maandishi ya kusoma na maswali yenye majibu ya kuchagua. Alama hizo zinaingia katika hesabu ya diploma ya Serikali, sawa na nyingine.

Mama mmoja alituuliza: kama siku hiyo mtoto anachagua jibu kwenye karatasi tu, kuongea kuna faida gani? Faida iko katika sikio. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha kanuni ya kusema "kitabu kimepotea". Hata hivyo, mgeni akisema "kitabu amepotea", sikio linashtuka mara moja, kabla ya kufikiri. Mtoto aliyesema sentensi sahihi mara mia nyumbani, sikio lake litashtuka vilevile akiona jibu baya kwenye karatasi. Anayesoma kimya peke yake hana sikio hilo, atabaki kukisia.

Tuliwaomba walimu wa Kiingereza watuambie makosa ambayo watoto wetu hurudia zaidi. Manne tumeyaelewa vizuri, nasi tunawapa kama tulivyoelewa.

La kwanza ni herufi "s". Katika Kiswahili mtendaji anajulikana mbele ya neno: ninapika, unapika, anapika. Katika Kiingereza cha mambo ya kila siku neno halibadiliki: "I cook", "you cook". Lakini akiwa ni mtu mmoja tunayemsema pembeni, lazima "s" ije nyuma: "she cooks". Watoto wetu wanaisahau kwa sababu wamezoea kutazama mbele. Katika swali na katika kukana ni kinyume tena. Tuifikirie "s" kama ule ufunguo wa nyumba, na nyumba ina ufunguo mmoja tu. Katika "she cooks", ufunguo uko kwa "cook". Akija "does" kuuliza, anauchukua yeye, na "cook" anabaki mikono mitupu: "Does she cook?" Vilevile "She does not cook." Mtoto akisema "Does she cooks?", mwambie: "Funguo zimekuwa mbili, rudisha moja."

La pili ni njaa na umri. Sisi tunasema "nina njaa", "nina miaka 15". Kifaransa nacho kinasema hivyo hivyo, kwamba mtu ana njaa na ana miaka. Basi mtoto anavutwa na lugha mbili kwa pamoja, anasema "I have hungry", "I have fifteen years". Katika Kiingereza mtu hana njaa wala hana miaka, bali yuko hivyo: "I am hungry", "I am fifteen years old". Na kiu hivyo hivyo: "I am thirsty".

La tatu ni mwanamume na mwanamke. "Anakuja" yetu haitaji kama ni baba au mama. Kiingereza kinadai: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Ndipo tunasikia mtoto akimwita mama yake "he". Hakuna ujinga hapo, ni Kiswahili kinachosema ndani yake. Dawa yake ni barabara. Kaeni mbele ya nyumba, kila anayepita mtoto amseme: yule wa kinga, "he is going to the market", yule mwenye ndoo, "she is carrying water".

La nne ni jana. Kiswahili kina huruma: tukiweka "-li-" mambo yote yamepita, alikwenda, alinunua, alikula. Kiingereza kina maneno mengi yanayotii kanuni, kama "cook" na "cooked", lakini yale ya kila siku yana ukaidi: "go" inakuwa "went", "buy" inakuwa "bought", "eat" inakuwa "ate", "sell" inakuwa "sold", "see" inakuwa "saw". Haya hayana njia ya mkato. Yanaingia kwa kurudiwa, matatu kwa siku, kama dawa.

Sasa tufike kwa mama ambaye hajui Kiingereza. Wengi wetu tuko hapo, wala si aibu. Kazi yako ni kuuliza kwa Kiswahili, mtoto ajibu kwa Kiingereza. Kiswahili chako tayari kimebeba wakati wa kitendo, na hapo ndipo mitihani hupenda kutega. Ukiuliza kwa "hu-", "Mama hufanya nini kila siku?", mtoto anatakiwa kuleta "s": "She sells rice." Ukiuliza jambo la sasa hivi, "Jirani anafanya nini?", unapaswa kusikia "is" mbele na sauti ya "-ing" nyuma: "She is washing clothes." Ukiuliza kwa "-li-", "Jana ulikula nini?", zinakuja zile kaidi: "I ate bugali and sombe." Ukiuliza kwa "-ta-", "Kesho utakwenda wapi?", sikiliza "will": "I will go to school."

Maswali manne tu, kila jioni, wakati sombe inatwangwa au moto unawashwa. Robo saa inatosha. Huna haja ya kujua maana ya kila neno. Sikiliza "s", sikiliza "-ing", sikiliza "will". Ukiwa na shaka, mwambie mtoto aandike sentensi nyuma ya daftari, kesho amwonyeshe mwalimu. Kuuliza si ujinga, na mwalimu hufurahi akiona mtoto analeta shaka yake mwenyewe.

Baada ya siku chache geuzeni. Mtoto awe mwalimu, mama awe mwanafunzi. Akufundishe kusema "How much is this rice?", yaani mchele huu ni bei gani, na kujibu "It is too expensive, please reduce the price", kwamba ni ghali mno, tafadhali punguza. Chezeni soko. Utakosea, mtakuja kucheka, na kicheko hiki ni kizuri kwa sababu mmecheka wote wawili. Mtoto anayemweleza mama yake kwa nini ni "goes" na si "go" ameshaielewa, hataisahau.

Kwa finalisti, ongezeni jambo moja. Maswali ya Exetat ya miaka iliyopita hupitishwa mkono kwa mkono kati ya wanafunzi. Mtoto akipata, asikimbilie jibu. Kwanza atafute neno la wakati ndani ya sentensi. Tuseme imeandikwa "My mother", halafu pengo, halafu "to the market every Saturday". Maneno "every Saturday", yaani kila Jumamosi, yanamwita "goes". Kama mwisho kungekuwa "yesterday", jana, ingekuwa "went". Kama ingekuwa "now", sasa, ingekuwa "is going". Mama unaweza kumwuliza hivi tu: "Neno la wakati liko wapi?" Swali hilo moja limewaokoa wengi na haraka.

Wengine watasema: sisi Kiingereza cha nini, hapa ni Kifaransa na Kiswahili? Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi ya jumuiya hiyo. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda mpaka Kigoma wanaelewana sokoni kwa Kiswahili bila shida. Ni karatasi yenye maneno ya Kiingereza ndiyo inawapeleka kutafuta mtu wa kuwasomea, na huyo mtu hulipwa.

Tena wapo ndugu zetu waliovuka Ziwa Tanganyika kwa sababu ya vita, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Baadhi yao wamepelekwa Marekani. Huko, anayeomba uraia, kwa kawaida baada ya kukaa miaka 5 na karatasi ya ukaazi wa kudumu, hupimwa Kiingereza. Anapewa mpaka sentensi tatu, asome vizuri moja. Anapewa tena mpaka tatu, aandike moja. Kuongea hakuna karatasi yake: afisa anamwuliza maswali juu ya maisha yake na fomu aliyojaza, na kwa majibu yale anapima kama mtu anaelewa. Kwa hiyo yale mazungumzo ya kawaida, unaitwa nani, unakaa wapi, unafanya kazi gani, una watoto wangapi, ndiyo mtihani wenyewe. Ni yaleyale tunayoweza kuyazoea hapa, kando ya jiko, bila malipo.

Wamama, tubakize neno moja zito. Robo saa hiyo ya jioni haianguki kutoka juu. Katika nyumba zetu nyingi, saa ambayo kaka ameshika daftari, dada ameshika ndoo. Wote wawili wako mwaka wa sita, wote wawili wataketi mbele ya karatasi ileile, na karatasi haitauliza nani alichota maji. Tukitaka binti ajibu, mtu mwingine abebe ndoo siku hiyo. Inaweza kuwa kaka. Inaweza kuwa baba. Inaweza kuwa sisi. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba mama mwenye binti finalisti ataombwa na wenzake, kila kikao, aseme binti wake alipata jioni ngapi za kusoma juma hilo. Si kwa kumhukumu. Tunataka tujue ni nyumba gani inahitaji mkono wetu.

Na yule binti wa ufunguo? Tulimwomba mama yake amlete tena kwenye kikao. Alikuja akiwa amenuna, na alikuwa na haki. Mkubwa wetu akasimama, akamwomba msamaha mbele ya wote, kisha akamwambia: "Mwanangu, tufundishe salamu ile tuliyoicheka." Akatufundisha. Tulirudia kwa pamoja, vibaya sana, na safari hii yeye ndiye aliyecheka. Mama mmoja mwenye wajukuu alishindwa kabisa na "afternoon", akasema yeye atasalimu asubuhi tu.

Hatuwezi kuwaambia kwamba siku ile ilimaliza yote. Lakini jioni ya kesho yake, mama yake anasema, daftari lilitoka nje tena.

Kazi ya juma hili: kila mama amwulize mtoto wake wa sekondari maswali manne, moja la "hu-", moja la "sasa hivi", moja la "-li-" na moja la "-ta-". Asiye na mtoto sekondari amwulize wa jirani. Na ukimsikia mtoto yeyote njiani akijaribu Kiingereza chake, hata kikiwa kimevunjika, mwitikie salamu. Tukutane juma lijalo.