Tumbo la Jumamosi

Wasomaji wa safu hii mmezoea niandike kuhusu chanjo, lishe na meno ya watoto. Wiki hii nitaingia kanisani kidogo. Nimefika huko kwa kupitia hospitali, kwa hiyo mnivumilie.

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Mwaka jana alianza kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Dada akanipigia mimi, maana katika ukoo wetu mwandishi wa habari za afya ni daktari asiyelipwa. Tukampeleka akapimwa malaria, choo na mkojo, hakuna kitu. Daktari, mama mtu mzima, aliyatazama majibu, akayaweka pembeni, akamwuliza mtoto mwenyewe: "Jumamosi huwa unakwenda wapi?"

Mtoto akainama. "Mafundisho," akasema.

Mengine tuliyasikia kwenye daladala tukirudi nyumbani. Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wakikariri maswali na majibu, na mwisho wa mwaka kila mtoto alisimama mbele ya wenzake kuyajibu. Yeye alipofika swali la tatu jibu likamtoka kichwani. Watoto wakacheka. Akaambiwa asubiri kundi linalofuata. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, likarudi sandukuni. Tangu siku hiyo mwili wake ukawa unaijua Jumamosi hata kabla hajafumbua macho.

Simtupii katekista mzigo wote. Anajitolea, ana watoto zaidi ya sitini chini ya mwembe, na kitabu ni kimoja. Ila niseme kama mtu wa afya: mtoto anayeumwa tumbo kwa hofu anaumwa kweli, hadanganyi. Madaktari wa watoto wanayafahamu sana maumivu ya namna hiyo. Hayaponi kwa kumfokea, wala kwa dawa ya minyoo, ambayo dada yangu alishampa mara mbili.

Nikaenda kusoma Kanisa lenyewe linasema nini. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alitoa hati iitwayo Quam Singulari, akaagiza watoto wasicheleweshwe komunyo wakishafikia umri wa kutambua, yaani kama miaka 7. Hakudai mtoto awe na ujuzi kamili wa mafundisho. Alitaka ayajue mafumbo ya lazima kwa kadiri ya uwezo wake, na aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Nilijiuliza, mtoto mwenye hofu kama huyu atajifunzaje kutofautisha?

Jibu lilishuka na basi kutoka Rombo. Bibi yake, yaani mama yetu, alikuja kututembelea. Huko kijijini amefua vitambaa vya altare miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Aliposikia habari ya tumbo hakusema neno. Jumamosi iliyofuata alimchukua mjukuu wake kwa mkono, wakaupita mwembe, wakaenda hadi mlango wa sakristia. Akamwamkia sista mhusika kwa "Tumsifu Yesu Kristo", kisha akaomba kazi ya watu wawili.

Nilifuatana nao wiki ya pili, kwa udadisi tu. Sista alikuwa na beseni lenye vitambaa vidogo vilivyotumika kufutia kalisi na vile vinavyotandikwa chini yake. Akavisuuza kwa mkono katika maji safi yasiyo na sabuni. Yale maji ya kwanza hakuyamwaga kwenye karo. Alitoka nayo nje akayamimina taratibu ardhini, kwenye kona ya maua ambako hakuna anayepita.

"Sista, mbona unayamwagilia maua maji machafu?"

"Hayo si machafu, mwanangu. Huenda ndani yake mna chembe ya Mwili wa Bwana, au tone la Damu yake. Chembe ya Bwana haiendi na maji taka."

Mtoto akanyamaza, akayatazama maua. "Kwa hiyo hata chembe ni Yeye?"

"Hata chembe."

Baada ya hapo ndipo sabuni ikaingia, wakafua kama nguo nyingine. Vilipokauka bibi alipiga pasi, mtoto akakunja. Korporale, kile kitambaa cha mraba kinachowekwa chini ya kalisi na patena, hukunjwa mara tatu upande mmja na mara tatu upande wa pili, kwa ndani, ili chembe iliyodondoka isipotee. Ukikikunjua unaona miraba tisa. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Hakuna aliyecheka. Mimi nimebatizwa, nimepata kipaimara na nina shahada ya chuo kikuu, lakini ile miraba tisa niliijulia pale.

Jambo hili si geni. Huko Roma mwaka 1954, Sofia Cavalletti, mtaalamu wa Biblia, na mwenzake Gianna Gobbi, mwalimu aliyefuata njia ya Maria Montessori, walianza kuwafundisha watoto imani kwa vitu vya kushika. Kwao mtoto hata wa miaka mitatu hupewa altare ndogo ya mbao, kalisi ndogo na vitambaa vyake, akavipanga na kuvitaja majina. Njia yao inaitwa Katekesi ya Mchungaji Mwema, nayo imesambaa nchi nyingi. Nyumbani unaweza kuanza na boksi la viatu, kitambaa cheupe na kipande cha mbao kutoka kwa fundi seremala wa jirani.

Kwetu tuna Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Hapa nina lawama kidogo. Tunawapenda watoto hao wakicheza wakati wa matoleo, simu zote zinainuka, wakimaliza tunawarudisha benchi la mbele wakae kimya hadi mwisho. Wakipewa kikapu cha kumpelekea mtoto mgonjwa wa jumuiya, wakaenda na mlezi wao, watalikumbuka shirika lao kwa kitu kingine zaidi ya sare.

Sasa mambo yangu ya afya, kwa haraka. Mtoto apate kifungua kinywa kabla ya Misa. Wazee wetu walifunga tangu usiku wa manane, lakini tangu mwaka 1964 saumu ya Ekaristi ni saa moja kabla ya kupokea, na mtoto ambaye bado hajaanza kupokea haimhusu. Kuzimia kwa njaa si ibada. Aende chooni kabla ya kuingia. Pasi ya moto na mishumaa vibaki mikononi mwa mkubwa. Na popote mtoto anapopewa kazi, iwe sakristia au ofisini, wawepo watu wazima wawili na mlango uwe wazi. Mzazi akiliuliza hilo asionekane mkorofi.

Uamuzi wa parokia haukubadilika. Mtoto wetu alirudia mwaka, na bado anakwama kwenye baadhi ya majibu. Paroko alipopita chini ya mwembe akamwuliza hostia iliyowekwa wakfu ina tofauti gani na mkate wa dukani, alimsimulia habari ya maua.

Jumamosi iliyopita nilimpigia dada kuuliza tumbo linaendeleaje. Akaniambia nisubiri jioni, mtoto na bibi wameshaondoka tangu saa mbili, tena wamebeba pasi yake ya nyumbani kwa sababu ya sakristia imeungua.