Mafuta Usiyoyaona

Na Rashidi Mwinyikai
Safu ya Jumapili, kutoka Columbus, Ohio

Tarehe 1 Julai 1982, katika ukumbi wa La Habra Bowl huko California, Glenn Allison alirusha tufe mara 36 katika usiku wa ligi, na mara zote 36 pini kumi zikalala. Michezo mitatu, pointi 300 kila mmoja, jumla 900. Zaidi ya hapo hakuna. Mchezo wa bolingi unaishia hapo. Chama cha mchezo huo cha wakati ule, American Bowling Congress, kilizikagua leni alizochezea kisha kikakataa kuitambua rekodi. Hakuna aliyesema Allison alikanyaga mstari, wala tufe lake halikulaumiwa. Tatizo lilikuwa mafuta: yalivyopakwa juu ya leni hayakukidhi kanuni. Rekodi ya 900 ikasubiri mpaka Februari 2, 1997, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Jeremy Sonnenfeld alipoifikia huko Lincoln, Nebraska, na safari hii ikakubaliwa.

Mimi naona Allison alidhulumiwa. Mafuta hakuyapaka yeye, na kuyapaka vizuri hakukumpunguzia mtu kazi ya kurusha mara 36 bila mkono kutetemeka. Lakini sababu waliyoitoa wakubwa wale naikubali: anayepaka leni ana mkono wake katika matokeo. Kitu kisichoonekana kwa macho kimeweza kufuta usiku bora wa maisha ya mchezaji.

Njoo sasa ukumbi wowote wa ligi hapa mjini, saa 12:30 jioni, uone tunavyokipuuza. Taa za leni zikiwaka, kila mtu anadaka tufe lake kubwa na kulivurumisha. Pini zikianguka zote, makofi. Zikibaki mbili, uso unakunjwa. Dakika kumi za kupasha misuli zinakwisha, king'ora kinalia, na hakuna aliyepata habari ambayo hakuwa nayo alipotoka nyumbani.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tumeingia humo. Theluji ikifunika viwanja vya mpira, Waswahili wa huku tunaitwa na wenzetu wa kazini kujaza nafasi katika timu, na mtu aliyekuja kwa ajili ya viazi vya kukaanga anajikuta amenunua viatu vyake mwenyewe. Karibuni. Ila tukishalipa ada ya ligi, tucheze kama watu waliolipa.

Leni ina urefu wa futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, na upana wake umegawanywa katika mbao 39, kila moja kama inchi moja na kidogo. Mishale saba unayoiona imepangwa kila baada ya mbao tano. Anayetumia mkono wa kulia huhesabu kuanzia kulia, kwa hiyo mshale wa pili uko kwenye ubao wa 10. Hiyo ndiyo ramani yote. Mafuta yamelazwa juu yake kuanzia mstarini hadi umbali fulani, mara nyingi kama futi 40, na baada ya hapo leni ni kavu hadi kwenye pini. Penye mafuta tufe linateleza. Likikanyaga pakavu linashika na kupinda. Mchezo wa anayepinda tufe unategemea wapi linateleza na wapi linashika.

Zamani mafuta hayakuwa na ujanja huo. Leni zilikuwa za mti, mepoli sehemu ya mwanzo na penye pini, msonobari katikati, zikapakwa vanishi, na mafuta yaliwekwa ili msuguano wa matufe usiziunguze. Kisha leni za sintetiki zikaja. Matufe nayo yakabadilika: mpira, plastiki, yurethani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakatoka yale ya rezini ambayo ngozi yake ina vinyweleo vya kunyonya mafuta. Hapo ndipo mambo yalipochacha. Tufe la kisasa linakula uwanja linaouchezea. Kila mtupo unachukua kidogo, na njia uliyopita ukiwa wa kwanza haiko vile vile anapopita wa nane.

Kumbi nyingi zinapaka leni za ligi kwa mtindo mmoja unaofanana: mafuta mengi katikati, machache pembeni. Kati ya katikati na pembeni tofauti inaweza kufika mara nane, hata mara kumi. Matokeo yake ni huruma kubwa. Ukikosea kwenda nje, ukavu wa pembeni unalirudisha tufe. Ukikosea kwenda ndani, utelezi wa katikati unalizuia lisipinde mapema. Makosa mawili tofauti, tufe moja mfukoni kati ya pini ya 1 na ya 3. Wako mashabiki wanaouita mtindo huu utapeli. Siwaungi mkono, mtu aliyefanya kazi ghalani kwa saa kumi ana haki ya kufurahia usiku wake, na wanaotaka mateso wana ligi zao ambako tofauti hiyo hushushwa hadi karibu tatu kwa moja.

Lakini huruma ina gharama, na gharama hiyo inalipwa katika kupasha misuli. Leni inayosamehe inakupa straiki kwa mtupo mbovu. Ulilenga mshale wa pili, ukapiga mbao tatu nje, tufe likarudi, pini kumi chini. Ubao wa matokeo unawaka, wewe unaamini umeipata njia yako. Umekuta msamaha, na hujui utadumu mpaka saa ngapi.

Mpika maandazi hutupa kidonge kimoja cha unga kwenye karai kabla ya kumimina sinia zima, na hajali kama kidonge kile kitalika. Mitupo ya kwanza ya jioni ina kazi hiyo hiyo. Timu mbili za watu wanne wanne kwenye jozi moja ya leni, dakika kumi, mtu anaambulia mitupo mitano au sita. Ni michache mno kuifanyia mashindano.

Cha kwanza kukisoma hakiko hata kwenye leni. Ni sakafu unayosimama. Katika majira haya watu wanaingia na theluji na chumvi ya barabarani, na tone moja la maji kwenye soli ya kiatu cha kutelezea linatosha kukubwaga kifudifudi. Telezesha mguu mara mbili bila tufe. Ndugu zetu wanaona aibu kufanya hivyo, kwamba wataonekana washamba. Ninawahakikishia kwamba aliyevunjika kifundo haonekani mjanja.

Ukishajua sakafu, rusha kupitia mshale wa pili, kwa mwendo wako wa siku zote, na macho yako yabaki kwenye tufe badala ya pini. Liliteleza hadi wapi? Lilianza kupinda wapi? Mtupo unaofuata usirudie njia hiyo hiyo hata kama ulikupendeza: nenda ndani, mbao tano hivi. Halafu nenda nje, karibu na mfereji, uone ukavu unarudisha kiasi gani. Kwa mitupo mitatu umeijua leni moja kushoto na kulia, jambo ambalo anayesaka straiki halijui hata baada ya mchezo wa pili.

Nasisitiza mwendo kwa sababu hapo ndipo wengi hujidanganya. Katika kupasha misuli mtu anarusha taratibu, mwili bado baridi. King'ora kikilia, moyo unadunda, tufe linaondoka kwa kasi zaidi. Tufe la kasi hukaa muda mfupi juu ya kila ubao, basi hupinda kidogo. Alichokisoma kilikuwa cha mtu mwingine, yule mtulivu wa dakika tano zilizopita. Akikosa pini ya mbele anasema leni zimebadilika. Zitabadilika, ndiyo, lakini si upesi hivyo.

Pini zinazobaki nazo zinazungumza, kwa anayejua kuzisikiliza. Chukua pini ya 10, ile ya pembe ya kulia inayowatia wenye mkono wa kulia wazimu. Tufe limeingia mfukoni vizuri, zote zimeanguka, hiyo imebaki. Usiitazame yenyewe, tazama ya 6 iliyokuwa jirani yake. Kama ya 6 iliruka na kuizunguka ya 10 shingoni, mtupo ulikuwa na nguvu na pembe imekosea kidogo tu. Kama ya 6 ilianguka kivivu ikalala kwenye mfereji, tufe limefika limechoka au limechelewa kushika, na hapo unahitaji kuhama au kubadili tufe. Watu wawili wanaandikiwa pini tisa kila mmoja, na dawa zao ni tofauti. Ubao wa matokeo haukuonyeshi hilo.

Ukihama, fuata kosa lako. Tufe limekwenda kushoto mno, sogea kushoto: mbao mbili kwa miguu, moja kwa macho. Limekwenda kulia, sogea kulia. Wageni wa mchezo hufanya kinyume kwa sababu akili inawaambia wakimbie kosa.

Mtupo mmoja kati ya ile michache uwe wa tufe la plastiki kwenda pini ya 10. Plastiki haijali sana mafuta, inakwenda moja kwa moja, na spea za pini moja, yaani kumalizia pini iliyobaki, ndizo zinazoamua ligi za watu wa kawaida. Sijui kwa nini hili ni gumu kukubalika. Mtu anatoa dola mia mbili kununua tufe la kupinda, kisha anapoteza mchezo kwa pini moja ya pembeni ambayo hajawahi kuifanyia mazoezi.

Halafu kuna leni ya pili. Ligi huchezwa kwenye jozi, fremu hii kushoto, ijayo kulia, na leni mbili zilizopakwa na mashine moja kwa dakika zinazofuatana hazifanani. Moja imechakaa zaidi, nyingine ina bonde dogo usiloliona. Kanuni zenyewe zinaruhusu uso wa leni kupishana kwa sehemu 40 za elfu moja ya inchi. Ni kidogo, lakini tufe la ratili 15 linalisikia. Mwenzangu mmoja wa timu, kijana wa Bukavu, alinijia akiruka.

"Kaka, umeona? Straiki tatu mfululizo!"

"Nimeona, ndugu yangu. Leni gani?"

"Ya kushoto."

"Na ya kulia?"

Hakuwa ameigusa. Mchezo ulipoanza alipangiwa kuanzia kulia.

Simlaumu sana, maana timu nzima ilikosea. Wachezaji wanane wanaotumia jozi moja ni macho kumi na sita, na kila mtupo wa mwenzako ni taarifa ya bure. Katika ligi zetu watu wanarusha kisha wanarudi kwenye simu. Mtazame hasa anayecheza kwa mtindo wako na tufe kama lako. Akikauka yeye, wewe unafuata. Mchunguze pia mwenye tufe la plastiki au yurethani, maana lake haliyanywi mafuta bali huyasukuma mbele, na pale ulipotarajia pakavu unaweza kukuta utelezi. Anayetumia mkono wa kushoto mwache na neema yake. Upande wake una wateja wachache, mafuta yake hukaa jioni nzima, na kulalamika hakutamfanya abadili mkono.

Kwa wenye kumbi nina ombi dogo. Mashine za kupaka zinafuata programu, na programu hiyo inaweza kuchapishwa kama mchoro: futi ngapi, mafuta kiasi gani kwenye ubao upi. Katika mashindano makubwa mchoro hubandikwa ukutani. Katika ligi mara nyingi unauomba kwenye kaunta na unatazamwa kama umeomba kitabu cha hesabu zao. Ubandikeni. Andikeni na saa ambayo leni zilipakwa, kwa kuwa leni iliyopakwa adhuhuri kisha ikachezewa na watoto wa sherehe za kuzaliwa mpaka jioni ni leni nyingine kabisa.

Mchoro ukiwepo, kuna hesabu moja rahisi ya kuanzia: toa 31 kwenye urefu wa mafuta. Mafuta ya futi 41 yanakupa 10, basi tufe lako linapotoka kwenye mafuta liwe karibu na ubao wa 10. Ni makadirio tu, hayajui umri wa leni wala mkono wako, lakini yanakupa pa kurushia mtupo wa kwanza.

Ligi nyingi zinaendelea wiki hii. Jumanne, au siku yoyote timu yako inapocheza, waambie wenzako kabla taa hazijawaka: wawili waanze kushoto, wawili kulia, kila mmoja aseme kwa sauti amelenga ubao gani na tufe limefanya nini. Anayepata straiki asipigiwe makofi mpaka king'ora kilie.