Mazungumzo ya Nyumbani: Wimbo Hauna Jina, Jina Twalitia Sisi



Mwezi wa Mfunguo Mosi uliopita tulialikwa katika arusi ya jamaa zetu hapa Tanga. Nikahi ilikwisha kufungwa, wanawake wako uani na shughuli yao, nasi wanaume tumeketi barazani twangojea chai. Mara ukapigwa wimbo wa taarabu wa mwaka 1998. Tuliujua kwa kinanda chake cha mwanzo, kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Wasichana wakaupokea kwa vigelegele, na wengi wao walikuwa hawajazaliwa ulipotoka, wala hapana neno lililowapita. Kijana mmoja aliyekuwa karibu nasi akasema, “Mwalimu, hizi ndizo nyimbo. Za siku hizi hazina maneno.” Hatukumjibu. Wimbo ule una khabari yake nasi, na khabari hiyo ndiyo mazungumzo yetu ya mwezi huu.

Watu wengi siku hizi wazikumbuka nyimbo za mwisho wa miaka ya 1990. Wako wanaozisifu, wakisema zilikuwa na Kiswahili na mafunzo. Wako wanaozilaumu, wakisema ndizo zilizowafundisha wanawake wetu kutukanana. Twaona kila upande umeshika nusu ya jambo na kuiacha nusu ya pili, na hiyo iliyoachwa ndiyo inayotukhusu sisi wenye nyumba.

Taarabu si mgeni wa jana katika pwani yetu. Khabari mashuhuri ni kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchi ya Misri kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Kisha akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili cha watu wote, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti ulimtaja mtu kwa jina lake khasa, mtu aliyeua mwanamke mgeni akatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Hapo jina lilitajwa wazi kwa kuwa dhulma ilikuwa wazi, na aliyedhulumiwa hakuwa tena na ulimi wa kujisemea.

Kupigana kwa mafumbo nako ni kwa zamani. Vyama vya lelemama vya pwani vilishindana kwa maneno tangu enzi za bibi zetu, na kanga imesema mengi mgongoni mwa mwenye kuivaa. Kwa hiyo asemaye kuwa mipasho ilizuliwa katika miaka ya 1990 hakusema kweli. Lakini katika miaka hiyo mambo matatu yalikutana, na kukutana kwake ndiko kulikoleta kitu kipya.

Jambo la kwanza ni ushindani wa jukwaani. Kule Dar es Salaam kulikuwa na kundi la Muungano, na mwaka 1992 likaundwa Tanzania One Theatre, ambalo watu walilifupisha wakaliita TOT. Makundi haya yaliwania watazamaji usiku baada ya usiku, na wimbo wa huku ulijibiwa na wimbo wa kule. Majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yalijulikana hata na watu ambao hawakupata kukanyaga ukumbi maishani mwao.

Jambo la pili ni vyombo. Taarabu ya kale yataka kanuni, udi, fidla na watu wengi wa kuvipiga, na msikilizaji huketi akatulia. Kinanda cha umeme kikachukua mahali pa vyote hivyo, sauti ikawa kubwa, watu wakasimama kucheza. Ndiyo ikaitwa rusha roho. Na fumbo nalo likawa jembamba. Zamani lilitaka mtu alifumbue kwa akili yake, na sasa hata mtoto alijua lina maana gani.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kwetu, ni redio na kaseti. Sheria ya mwaka 1993 iliwafungulia watu binafsi mlango wa utangazaji, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Kaseti moja ilinunuliwa na mtu mmoja, ikanakiliwa mara kumi, ikaenea mtaa mzima. Zamani mwanamke aliyetaka kumpiga mwenzake fumbo ilimbidi aende ukumbini, angojee ubeti anaoutaka, ainuke na noti mkononi akamtunze mwimbaji, na macho ya watu wote yakimtazama. Hapo palikuwa na gharama, na palikuwa na haya. Kaseti iliiondoa haya hiyo. Mtu aliweza kuketi chumbani mwake, akaucheza ubeti mmoja, akaurudisha nyuma, akaucheza tena, na hapana aliyemwona mkono.

Twayajua haya kwa kuwa yalitendeka katika nyumba yetu. Mama wa watoto wetu ametupa idhini tuyaandike, akasema, “Andika, Mwalimu, huenda mmoja akafaidika.”

Mwaka 1998 tulikuwa hatujatimiza miaka 30, tukisomesha chuoni asubuhi na jioni, na tumepanga vyumba viwili katika mitaa ya Ngamiani. Dirisha letu na dirisha la jirani yetu yalitazamana. Katikati palikuwa na uchochoro ambao mwenye ndoo hupita ubavu ubavu. Jirani yetu alikuwa na mumewe, wameoana miaka kumi, na Mwenyezi Mungu hakuwajaalia mtoto. Watoto wetu watatu walikuwa kwake kuliko walivyokuwa kwetu. Huko walikula, huko walilala mchana, na mdogo wao akilia usiku alimwita yeye.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa kinu. Kiliazimwa katika Ramadhani cha kutwangia mchele wa vitumbua, kikarudi na ufa. Mmoja alisema kilitoka na ufa wake, na mwingine alisema kilitoka kizima. Maneno yakazidi, salamu ikakatika. Haukupita muda mama wa watoto akapata kaseti yenye wimbo wa kumsimanga mwanamke asiyezaa. Hatuutaji jina wimbo huo, wala kundi lililouimba, kwa kuwa waimbaji wale hawakumjua jirani yetu wala hawakupata kufika mtaani kwetu. Kila baada ya sala ya alasiri redio iliwekwa dirishani, imeelekezwa uchochoroni, na ubeti ule ukachezwa, ukarudishwa, ukachezwa.

Na sisi, mume wa nyumba na mwalimu wa watoto wa watu, tulikuwa wapi? Tulikuwa papo hapo. Tulijiambia kuwa hayo ni mambo ya wanawake, mwanamume hayaingilii. Siku betri zilipokwisha tulitoa fedha za betri mpya kwa mkono wetu. Na asubuhi yake tulikwenda chuoni tukawasomesha watoto kuwa Bibi Aisha, mama wa waumini, hakuzaa, na hapana mwenye akili aliyeona hilo kuwa upungufu kwake.

Jirani yetu hakujibu. Hakununua kaseti, hakusimama mlangoni kupayuka. Alifunga dirisha lake, naye alikuwa katika joto la kaskazi. Na watoto wetu walipokwenda kwake hakuwafukuza. Jambo lile lilidumu kiasi cha miezi miwili, nalo lilikwisha kwa sababu redio iliharibika. Lau twasema lilikwisha kwa sababu tulitubu, tungekuwa twasema uwongo.

Mwaka uliofuata mama wa watoto alishikwa na malaria kali akalazwa. Aliyewapikia watoto uji, akawaogesha, akawapeleka chuoni, ni jirani yule, na hapana aliyemwomba. Salamu ikarudi. Tukahesabu kuwa yamepita, tusimwombe radhi, tukaona kulitaja jambo ni kulifukua. Hivi ndivyo wengi wetu tufanyavyo. Twaogopa kuomba radhi kuliko tulivyoogopa kukosa.

Mwaka 2011 jirani yetu akaugua, na ugonjwa ukawa mrefu. Siku moja mama wa watoto akaketi kando ya kitanda chake akamwomba radhi ya wimbo ule. Bibi yule akamwambia, “Dada, mimi nilikusamehe zamani. Wewe sikukuonea ajabu, tulikuwa tumegombana. Kilichoniliza ni watoto. Walikuwa wakija kwangu kula, wakikaa mkekani huku wakiuimba, na maskini hawajui waimbalo. Nami niko hapo nawapakulia.”

Hakumaliza mwezi. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe makazi mema. Kinu kile kingali kwetu hata leo na ufa wake, na bado chatwanga.

Ndugu wasomaji, litazameni jambo hili vizuri. Katika wimbo ule halikuwamo jina la jirani yetu. Mtungaji aliacha nafasi ya jina tupu, kama karatasi ya mwaliko ambayo haijaandikwa aalikwaye. Walioandika jina ni sisi, na kalamu yetu ilikuwa ni dirisha lililoelekezwa na kitufe kilichobonyezwa. Kwa hiyo wanaozilaumu nyimbo peke yake wamewaachilia wenye redio. Na wanaozisifu kwa Kiswahili chake waulize kwanza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa uchochoro. Watoto wetu nao walichukua kitu kile kwa masikio yao bila ya kufundishwa, wakakipeleka kwa vinywa vyao mpaka mahali ambapo redio isingefika.

Katika Suratil Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewakataza watu kudharauliana, kisha akawataja wanawake mbali, akaonya kuwa yule anayedharauliwa huenda ndiye bora. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alitajiwa mwanamke mwenye kusali usiku na kufunga mchana, lakini huwaudhi jirani zake kwa ulimi, akasema hana kheri huyo. Twajua wako watakaosema, “Mimi sikunena neno, iliyonena ni redio.” Sisi tulilisema hilo miaka mingi. Halikutusaidia kitu siku ile kando ya kitanda.

Wala msidhani kuwa jambo hili limekwenda na kaseti. Kaseti zimekwisha, na redio ya dirishani imekuwa simu ya mkononi. Leo mtu hutia kipande cha wimbo, au maneno mawili, katika “status” ya WhatsApp. Hakumtaja mtu, na watu mia wanajua ni nani. Baada ya saa 24 huondoka chenyewe, lakini hakiondoki kwa yule aliyekisoma usiku peke yake. Na wengi watiao huko hutia nyimbo zile zile za miaka ya 1990, kwa kuwa hazijapata mshindani katika ukali.

Basi nasaha zetu ni tatu. Kwanza, mwenye nyumba asiseme kuwa haya ni mambo ya wanawake. Anayenunua betri, au anayelipia simu, ni mshirika. Pili, tuyasikilize yale ambayo watoto wetu wanayaimba wanapocheza, kwa kuwa huko ndiko watakakotuonyesha ni nini kinachosemwa katika nyumba zetu. Tatu, mwenye kumkosea jirani kwa fumbo aende akamwombe radhi kwa maneno ya wazi, wala asingojee ugonjwa. Sisi tulichelewa miaka 13, na kama si rehema ya Mola wetu tungelichelewa kabisa.

Wimbo uliopigwa arusini ndio wimbo ule. Tuliporudi nyumbani tulimwuliza mama wa watoto alikuwa wapi ulipopigwa. Akasema alikwenda jikoni kupanga vikombe mpaka ukaisha. Hatukumlaumu bibi arusi wala mpiga muziki, maana wao wameusikia kuwa ni wimbo tu wa kuchezea, na huenda kwao ni hivyo. Jina lililoandikwa humo lasomeka na watu wawili tu katika dunia.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi, na azitengeneze ndimi zetu na nyumba zetu. Amin.